Kitenzi cha Herufi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika ofisini kabla hata ya mfagizi, ili nichague kwanza. Mlango umefungwa. Nikasimama nje dakika arobaini. Haidhuru. Wa kwanza ni wa kwanza.

Suala lenyewe ni hili. Msaidizi wa Mhariri Mkuu amestaafu, na kiti chake kiko wazi. Si kiti tu, ni chumba. Kina mlango, dirisha na ndoano ya kutundikia koti. Mimi nimekula miaka kumi na moja katika kamusi hii ya Kiingereza na Kiswahili, na bado nakaa kwenye korido, kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo. Watu wakipita wananiuliza kama kuna mtu ndani. Wengine wakitoka wananiambia asante.

Tunaogombea ni wawili, mimi na Bi Nukta. Tumempa jina hilo kwa sababu hajapata kuacha sentensi bila nukta, hata katika orodha ya sokoni. Mhariri Mkuu, mama mmoja asiyepandisha sauti na ambaye sote tunamwita Mkuu, amebandika ukutani vitenzi viwili vya Kiingereza. Kila mtu achukue kimoja. Kila maana iwe na kadi yake, kila kadi iwe na mfano wake, na asili ya neno iwekwe mbele. Sanduku likabidhiwe Alhamisi ya wiki ijayo, na hukumu itolewe Ijumaa. Mwenye kazi safi ataingia chumbani.

Vitenzi vyenyewe: "circumnavigate" na "get". Nilicheka peke yangu pale ukutani. Kimoja kina herufi kumi na nne. Kingine tatu! Nikaandika jina langu chini ya "get" kwa wino, lisifutike. Bi Nukta alikuja saa mbili, akasoma, akaniangalia, akauliza kaka yangu una hakika? Wivu huo.

Jioni nikampigia simu baba mkwe. Nimemwambia chumba nimeshapata. Kwa kweli bado, lakini siku kumi na moja ni kitu gani? Baba mkwe ni mpima ardhi mstaafu na haamini kitu mpaka akipime. Amesema atakuja Ijumaa hiyo hiyo ya tarehe 14, na utepe wake, aone ni mita ngapi. Mke wangu alikuwa anasikia kila neno. Akasema haya, utajua mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kamusi kubwa, ile ya Waingereza wenyewe, inayobebwa kwa mikono miwili. Nikatafuta "get". Nikageuza ukurasa. Nikageuza tena. Nikadhani kurasa zimegandana.

Kurasa kumi na mbili! Maandishi ya sisimizi, safu tatu kila ukurasa. Kupata, kupokea, kufika, kuelewa, kushikwa na ugonjwa. Ukiongeza kineno kimoja nyuma, mtu anaamka. Ukibadilisha kineno, anapanda gari. Ukibadilisha tena, anashuka. Kingine, amepona huzuni. Kingine, amelipiza kisasi. Hawa watu wana kitenzi kimoja na wanakituma kila mahali, jikoni, sokoni, kanisani, mahakamani. Maskini kitenzi. Kidogo nikihurumie.

Kwa hesabu yangu ni maana themanini na tatu, na hapo nimefumba jicho moja.

Saa nne na robo Bi Nukta alipita kwenda kuchemsha chai. Nikamuuliza kwa upole kazi inaendaje. Akasema ameshamaliza. Kadi moja. Kuzunguka kitu kwa chombo cha majini, asili yake Kilatini. Sasa anapaka kucha zake rangi. Hapana, hilo la kucha nimeliongeza mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kubadilishana. Nitamfanya Bi Nukta akubali mwenyewe, kwa ujanja wa heshima. Nikamfuata mezani. Nikamwambia dada, nimetafakari, nimeona si haki mtu wa hadhi yako kupewa kadi moja tu. Watu watasema umedharauliwa. Mimi niko tayari kujitoa mhanga, nikuachie kitenzi kikubwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hata alitikisa kichwa mahali panapostahili. Kisha akasema amedharauliwa mara nyingi na amezoea, ila kama nimeelemewa niseme, anisaidie.

Nimeelemewa! Mimi! Nikamwambia kazi yangu imebaki kupigwa pasi tu. Wakati huo nilikuwa na kadi nne.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, rahisi zaidi. Kila mmoja wetu anaweka kadi zake katika sanduku la viatu. Lake lisipoonekana siku ya kukabidhi, atakuwa hana kazi ya kuonyesha. Sitaliharibu, mimi si mtu mbaya. Litapumzika tu mahali pa juu.

Saa ya chakula wote walipotoka, nilipandisha sanduku lake juu ya kabati la stoo bila kuonekana na mtu. Nikiulizwa nitasema ni panya.

Saa nane nikarudi kwenye meza yangu kuendelea na "get". Sanduku langu halipo! Nikainua karatasi zote. Nikachungulia chini ya fotokopi. Nikaanza kupandwa na hasira, watu gani hawa, mtu hawezi kuacha kitu ofisini? Nikaenda kushtaki kwa Mkuu. Nikasema wazi kwamba kuna mtu humu ana roho mbaya, na sitaji jina.

Bi Nukta akaja mlangoni na sanduku lake mkononi. Akauliza la kwangu ni la viatu vya rangi gani. La kijivu. Akasema asubuhi aliniazima pini kwenye meza yake, na anadhani niliacha sanduku langu pale pale. Basi ofisi nzima ikalitafuta sanduku langu hadi saa kumi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliona, juu ya kabati la stoo, mbele ya watu wanane. Nikasema ni panya. Mfagizi akashangaa panya wa siku hizi wana nguvu. Sikumwelewa anacheka nini.

Ijumaa, 7 Machi

Asili ya neno. Hapa angalau nimefanya kazi ya mtu mzima.

Kumbe hili la "get" si la Waingereza kwa kuzaliwa. Waliletewa na watu wa kaskazini, wasemaji wa Kinorse, waliovuka bahari kuja kuwanyang'anya mali, wakanogewa, wakakaa, wakaoa. Kwao lilikuwa "geta", maana yake kupata, na pia kuzaa, na pia kubahatisha. Waingereza walikuwa na la kwao la ukoo huo huo, lakini lilikuwa halitembei peke yake. Liliishi ndani ya maneno mengine kama mpangaji. Hadi leo limo ndani ya "forget", kusahau, kana kwamba kitu ulikuwa umekishika kikakuponyoka. Wataalamu wakirudi nyuma zaidi, mpaka kusiko na maandishi, wanakisia kwamba mzizi wake ulimaanisha kushika, kukamata. Una ndugu katika Kilatini, upande wa mawindo.

Nilikaa na kadi hiyo mkononi muda mrefu. Nilifurahi kweli. Kwa nusu saa nilisahau chumba, nilisahau baba mkwe na utepe wake. Kisha mtu akatoka chooni akaniambia asante.

Jioni nimepata bahasha kutoka kwa Bi Nukta. Nene. Amesema huenda ikanifaa. Sikuifungua, najua ni mtego. Nimeifungia kwenye droo.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Hali ni mbaya, niseme ukweli. Maana themanini na tatu ninazo, mifano ninayo kumi na mmoja.

Tatizo ni kanuni ya nyumba yetu. Mfano hautungwi. Ni mwiko mhariri kukaa akabuni sentensi kwa ajili ya kamusi. Lazima iwe imeandikwa na mtu kwa shida zake mwenyewe, katika barua, gazeti, risiti, chochote, na chini yake kuwe na chanzo na tarehe. Juzi nilijaribu kubuni moja kuhusu mkulima na ng'ombe. Mkuu aliinusa tu akairudisha. Alisema hajaona mkulima anayezungumza na ng'ombe kwa ufasaha namna ile.

Mke wangu akapita na nguo za kuanika. Akaniona nimeinamia daftari hili. Akasema kila siku unaandika, unaandika, ungekuwa unalipwa kwa kuandika mambo yako tungekuwa mbali.

Nikasimama. Mke wangu huyu ni almasi!

Shajara! Ninayo madaftari ya miaka kumi na moja, kabatini, chini ya mablanketi. Yote yameandikwa na mtu aliye hai, kwa shida zake mwenyewe, na kila ukurasa una tarehe. Nitatafsiri kwa Kiingereza upande wa juu wa kadi, Kiswahili changu kitakaa chini. Chanzo: shajara ya mtumishi mmoja, haijachapishwa. Nani ataikagua? Iko chini ya mablanketi yangu!

Jumanne, 11 Machi

Kazi inateleza. Kumbe maisha yangu yote yamejaa "get". Nimepata, nimefika, nimenyeshewa, nimepotea njia, nimeshikwa na mafua, nimetaka kulipiza, nimeponea chupuchupu. Hakuna maana niliyoitafuta nikaikosa. Waingereza wangejua wangenipigia magoti.

Kuhusu usiri, nimejipanga. Bi Nukta nimemwita B.N. Tena kila sentensi iko kwenye kadi yake, chini ya maana yake, mbali na mwenzake. Ukisoma moja moja huambulii kitu. Mtu amepandisha sanduku juu ya kabati, basi, watu hupandisha masanduku kila siku.

Kadi ya themanini na tatu nimeimaliza saa tisa alasiri. Bi Nukta aliuliza kama ile bahasha imenifaa. Nikasema sana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekabidhi. Sanduku langu halifungi, limebidi lifungwe kamba. La Bi Nukta, ukilitikisa, kadi yake moja inagonga kuta. Nilimhurumia. Nilimwambia asijali, nikiingia chumbani mlango wangu utakuwa wazi kwake siku za Jumanne.

Nimeenda na koti kazini ingawa kuna joto. Nimepita kuijaribu ile ndoano. Inashika vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Sina budi kuandika yote, kwa utaratibu.

Baba mkwe alifika saa tatu kamili, amevaa suti, utepe umevimba mfukoni. Nilimpa shikamoo na kumkalisha haraka kwenye chumba cha mkutano, nikamwambia chumba changu kinapigwa deki. Nia yangu ilikuwa asubiri pale, hukumu itolewe, ndipo nimpeleke chumbani nikiwa mwenye nacho. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ila sikujua kwamba hukumu inatolewa kwenye chumba cha mkutano.

Mkuu akaingia na masanduku mawili, Bi Nukta nyuma yake. Akamsalimia mzee kwa heshima zote. Aliposikia ni mkwe wangu, akafurahi, akasema basi akae asikie kazi ya mwanawe. Baba mkwe akakaa vizuri.

"Circumnavigate" ilichukua dakika mbili. Safi, nukta iko mahali pake. Kisha Mkuu akafungua kamba ya kwangu. Akaisifu kadi ya asili. Akasema mambo ya wale watu wa kaskazini ameyapenda mno. Baba mkwe akanigusa goti kwa furaha. Ningekufa dakika ile ningekufa vizuri.

Halafu Mkuu akasema sasa tuzisome kwa tarehe.

Hii ni kanuni ya nyumba. Kabla ya kadi kupitishwa, mifano yote ya neno hutolewa kwenye maana zake ikapangwa upya kwa tarehe, ya zamani kwanza, ili ionekane neno limesafiri vipi. Naijua kanuni hii. Niliipendekeza mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili, ili kumkomoa mtu ambaye hata hayupo tena. Katika shughuli zote za mablanketi, iliniponyoka.

Mkuu alikuwa ameshazipanga tangu jana. Kwa ajili ya mgeni, akasema, atasoma upande wa Kiswahili.

Ya kwanza ilikuwa ya miaka kumi na moja iliyopita. Maana: kuoa. "Leo tumeoana. Baba mkwe amepima ukumbi mara mbili." Mzee akacheka, akasema kweli bwana, ulikuwa mita kumi na nane. Ya pili, kunyeshewa. Ya tatu, kuzoea: "Sitazoea kukaa mlangoni mwa choo." Ikafuata ya kuchoshwa: "Nachoshwa na hadithi za baba mkwe za mipaka ya mashamba." Mzee akaacha kucheka. Zikafika nne za namna hiyo. Nikakohoa. Mkuu akanisogezea maji, akaendelea.

Tukaingia mwezi huu. Tarehe 3, kufika: "Nimefika ofisini kabla hata ya mfagizi, ili nichague kwanza." Tarehe 3, kupata: "Nimemwambia chumba nimeshapata. Kwa kweli bado." Baba mkwe akageuza shingo polepole akanitazama. Tarehe 5, kumfanya mtu atende jambo: "Nitamfanya B.N. akubali mwenyewe, kwa ujanja wa heshima." Tarehe 6, kupandisha: "Nilipandisha sanduku lake juu ya kabati la stoo." Tarehe 6, kuponea kwa hila: "Nikiulizwa nitasema ni panya."

Nilisikia fotokopi yangu kule koridoni.

Tarehe 7, kupokea: "Nimepata bahasha kutoka kwa B.N. Sikuifungua, najua ni mtego." Hapo Mkuu akaweka kadi chini. Akamuuliza Bi Nukta bahasha ilikuwa na nini. Bi Nukta aliona haya, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Akasema ilikuwa na mifano sabini ya "get", aliyoikata kwenye magazeti na barua za zamani, kila mmoja na tarehe yake. Alikuwa hana kazi wiki ile.

Sabini! Mimi nilihitaji sabini na miwili.

Mkuu alitoa hukumu bila kupandisha sauti. Kwanza, kadi za "get" zimepita, zote themanini na tatu. Mifano haikubuniwa, ina chanzo, ina tarehe, na tangu aanze kazi hii hajawahi kuona Kiswahili chepesi na cha kweli namna ile. Itachapishwa kama ilivyo. Wanafunzi watakaojifunza kitenzi hiki watakisoma kwa sentensi zangu, pamoja na ile ya panya. Pili, chumba ni cha Bi Nukta, maana msaidizi ndiye anayetunza masanduku ya wenzake.

Baba mkwe akasimama. Hakusema lolote kuhusu hadithi za mashamba. Akaomba nimwonyeshe ninapokaa. Nikampeleka. Akatoa utepe akapima toka fotokopi hadi mlango wa choo. Mita moja na sentimita kumi. Akaandika kwenye kijitabu chake. Kisha akasema ningemwambia ni korido, angekuja koridoni, alitaka tu kuona mume wa binti yake anakaa wapi.

Niliumia, na aliyeniumiza ni mimi mwenyewe. Nikamsindikiza hadi kituoni, nikambebea utepe.

Jumatatu, 17 Machi

Ukurasa mpya. Nimekaa siku mbili nikijichunguza kwa kina, na nimeligundua kosa langu. Shajara ilikuwa ya kweli mno.

Nimenunua daftari la pili. Humo naandika mtu mwingine kabisa, mpole, mkarimu, anayempenda baba mkwe na mashamba yake. Nimeanzia Januari ya mwaka jana ili tarehe ziwepo. Nimeshafika Aprili.

Na ni kwa wakati wake! Mkuu amebandika vitenzi vya herufi S. Atakayemaliza wa kwanza anapewa meza ya dirishani katika ukumbi mkubwa. Nimefika kabla ya mfagizi. Vilikuwa vinne, vyote virefu isipokuwa kimoja. "Set". Herufi tatu! Nimeandika jina langu kwa wino.

Saa nne Bi Nukta alitoka chumbani kwake, akasoma ukuta, akarudi ndani. Baadaye akaniletea bahasha, nene kuliko ya kwanza. Nikamshukuru kwa tabasamu. Nimeifungia kwenye droo. Mtu aliyeninyang'anya chumba hawezi kunipata mara mbili.

Jioni nimempigia simu baba mkwe. Nimemwambia meza ya dirishani nimeshapata. Akauliza safari hii aje na utepe mfupi au mrefu. Nimemwambia alete mrefu.